Joho la Mtunza Kanisa

Wengi katika walimu wenzetu waijua hadithi fupi ya W. Somerset Maugham iitwayo The Verger, yaani Mtunza Kanisa. Ilitiwa katika kitabu chake Cosmopolitans, kilichotolewa mwaka 1936, na mwaka 1950 ikafanywa sinema pamoja na hadithi zake nyingine mbili. Ni fupi mno. Mtu aweza kuianza na kuimaliza kabla chai yake haijapoa. Wanafunzi huicheka, mwalimu naye hucheka pamoja nao, kisha kitabu hufunikwa. Sisi twaona kwamba kisifunikwe upesi hivyo. Ndani ya hadithi hii mna swali ambalo mwandishi aliliuliza vizuri sana, kisha akalikimbia. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyeangalia kazi za kila siku za kanisa kwa miaka mingi, siku aondokapo, ana haki gani kwetu?

Kwa ajili ya wale wasioisoma, na tuieleze kwa kifupi. Albert Edward Foreman ni mtunza kanisa la Mtakatifu Petro, Neville Square, kanisa la watu wakubwa katika mji wa London. Tangu umri wa miaka kumi na miwili alitumika katika nyumba za matajiri, akapanda daraja kwa daraja hata akawa mkuu wa watumishi, kisha akapewa kazi ya kanisa. Ameishika miaka 16. Alasiri moja, baada ya ubatizo, kasisi mpya amwita chumbani mbele ya wazee wawili wa kanisa, na kumwambia kwamba imegunduliwa hajui kusoma wala kuandika. Apewa miezi mitatu ajifunze, asipoweza aondoke. Foreman ajibu kwa adabu kwamba umri wake umepita wa kujifunza, na kwamba ataacha kazi mara wakipata mtu wa kushika mahali pake. Atoka na huzuni, atamani sigara, apita katika barabara ndefu isiyo na duka la tumbaku hata moja. Hapo apata shauri la kufungua duka mwenyewe. Baada ya miaka kumi ana maduka kumi, na katika benki ana zaidi ya pauni 30,000. Meneja wa benki ashangaa kusikia kwamba tajiri huyu hajui kusoma, amwuliza angalikuwa nani leo kama angalijua. Jibu lake ndilo linalowachekesha watu: angalikuwa mtunza kanisa la Mtakatifu Petro.

Kwanza tutoe sifa palipo na sifa. Maugham alifiwa na wazazi wake wote wawili kabla hajatimiza miaka kumi na moja, akalelewa na amu yake aliyekuwa kasisi wa Whitstable, katika jimbo la Kent. Basi mambo ya kanisa aliyaona kwa upande wa ndani, nyumbani mwa kasisi. Jambo hili laonekana katika nusu ya kwanza ya hadithi. Wote wamekwisha kwenda zao baada ya ubatizo, lakini Foreman angali yupo, ana kifuniko cha birika la maji kukirudisha, ana kiti kilicholetwa kwa ajili ya bibi mzee kukiondoa. Hakuna aliyemwamuru. Amejua mwenyewe kwamba kiti kisipoondolewa leo, kesho kitakuwa njiani. Mtu aliyepata kutunza nyumba ya ibada atatambua mara moja kwamba mwandishi asema kweli, maana kazi hii ni mlolongo wa mambo madogo ambayo hayaonekani ila siku yasipofanywa.

Na lililo zuri kupita yote ni lile la majoho. Foreman huvaa joho la kazi yake kwa heshima kubwa, na kila moja lilipochakaa hakuweza kulitupa. Yote ya miaka 16 ameyafunga katika karatasi, yamelazwa kwa taratibu ndani ya saraka za kabati chumbani mwake. Mwandishi hasemi neno zaidi, wala hapana haja. Vilevile atuambia kwamba mara nyingi Foreman aliwaza jinsi kasisi atakavyotaja utumishi wake mwaminifu katika mahubiri, Jumapili ya kwanza baada ya kufa kwake. Mtu huyu hakutazamia mali. Alitazamia maneno machache ya shukrani, nayo ayasikie akiwa kaburini! Tena moyoni mwake alijua kwamba, kasisi na wazee waseme watakavyo, yeye ndiye aliyeliendesha kanisa lile. Hicho si kiburi, bali ni hesabu ya kweli ambayo wakubwa wake hawakupata kuifanya.

Na tuwe waadilifu kwa kasisi pia. Wako wasomaji wanaomfanya kuwa mtu mwovu, lakini sivyo alivyoandikwa. Neno lake lina maana: mtunza kanisa asiyeweza kusoma barua yaweza kumpata ajali siku moja, na kanisa likapata hasara. Sheria ya mwaka 1870 ilianza kueneza shule za watoto katika Uingereza, na tangu mwaka 1880 wazazi walilazimishwa kuwapeleka. Basi kwa watu wa wakati wa hadithi hii, mtu asiyejua kusoma alikuwa ajabu. Kosa la kasisi si kutaka watumishi wajue kusoma. Kosa lake ni kwamba aliweka mtihani bila kuweka mwalimu. Katika chumba kile walikuwamo watu watatu wenye elimu, na hata mmoja hakusema, “Njoo kwangu jioni, nitakufundisha.” Sisi walimu twajua tofauti iliyopo. Katika Tanzania mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wazee wenye mvi wakaketi kushika kalamu. Lakini waliwekewa madarasa na walimu. Hawakuambiwa tu kwamba siku zao zinahesabiwa.

Basi sasa twafika penye upungufu wa hadithi yenyewe. Mara Foreman anapotoka mlangoni, mwandishi amtajirisha, na utajiri ule wafuta deni lote. Msomaji aliyeanza kuona haya kwa ajili ya kanisa lile apewa ruhusa ya kucheka. Kasisi hana la kujibu tena, maana mambo yamekuwa mema! Tena yaonekana kana kwamba kumfukuza mzee ni kumtendea hisani. Lakini tuulize: je, kama barabara ile ingalikuwa na duka la tumbaku? Mwandishi mwenyewe asema kwamba akiba ya Foreman haikutosha kumlisha bila kazi. Sheria ya mwaka 1908 ilimpa mzee Mwingereza maskini shilingi 5 kwa juma, lakini hata atimize miaka 70. Kwa kila Foreman mmoja aliyeona nafasi ya duka, wako wengi waliorudi nyumbani na kuketi, wakatazama ukuta. Hao hadithi haiwataji. Bahati ya mmoja si jibu la haki ya wengi, na ufundi wa mwandishi hauwezi kuifanya iwe jibu.

Liko neno la pili, linalotuhusu zaidi sisi tunaoshika chaki. Mwanafunzi mvivu huipenda hadithi hii, ati yathibitisha kwamba kusoma hakuna faida. Na atazame vizuri ukurasa wa mwisho. Meneja ataka kuzitia fedha za Foreman mahali penye faida zaidi, na amwambia hana kazi ila kutia sahihi. Sahihi aweza, lakini auliza, atajuaje anachokitilia sahihi? Huyu ni mwenye pauni 30,000, naye hana budi kuamini macho ya mtu mwingine. Meneja akiwa mwaminifu, salama. Akiwa mwizi, maduka kumi yamekwenda. Kwa hiyo hadithi yenyewe yashuhudia kinyume cha mzaha wake. Mwalimu akiwasomesha watoto sentensi ya mwisho na kuliacha swali lile la sahihi, amewapa ganda akatupa kokwa.

Ili tupime vema, tulinganishe na kitabu kingine cha Kiingereza kilichoshika jambo la namna hii, nacho ni The Warden cha Anthony Trollope, cha mwaka 1855. Humo kasisi mzee, Bwana Harding, ni msimamizi wa nyumba ya wazee maskini 12, naye hupokea pauni 800 kwa mwaka na nyumba nzuri. Watu wauliza kama ni haki apokee nyingi hivyo katika mali iliyoachwa kwa ajili ya maskini. Wakubwa wake wamwambia akae imara, maana sheria iko upande wake. Yeye aona dhamiri yake haiko pamoja na sheria, basi ajiuzulu, ahamia katika vyumba vya kupanga. Foreman aliondolewa bila kutaka. Harding aliondoka huku akibembelezwa akae. Lakini Trollope alifanya jambo ambalo Maugham hakulifanya: alirudi kutazama nyumba iliyoachwa. Atuonyesha kwamba mahali pa Harding hapakupata mtu, wazee wakafa mmoja mmoja, bustani ikaharibika, na waliobaki hawana rafiki wa kuwatazama. Hivyo twaelewa kazi ya mtu kwa kuona pengo lake. Katika The Verger twamfuata Foreman mpaka benki, lakini kanisani haturudi tena. Nani aliondoa kiti baada ya ubatizo uliofuata? Hatuambiwi. Kwa maoni yetu hapo ndipo Trollope amshindapo mwenzake, ingawa Maugham amshinda sana kwa ufupi na kwa ukali wa jicho.

Huenda msomaji akasema, “Hayo ni mambo ya Uingereza, yatuhusu nini?” Na atazame kanisa lake mwenyewe. Yuko mtu apigaye kengele alfajiri, ashikaye funguo, ajuaye bati lipi lavuja na ni nani katika wajane hakuonekana Jumapili mbili. Yuko karani aandikaye vyeti vya ubatizo na ndoa, na mama afuaye vitambaa vya meza ya Bwana. Makasisi hubadilishwa, naye yupo pale pale. Siku nguvu zimwishiapo, mara nyingi huimbiwa wimbo, hupewa shuka na mkono wa kwaheri, na Jumatatu hana kitu. Watu husema asante ya punda ni mateke. Nasi twaongeza kwamba yako mateke yapigwayo kwa maneno matamu. Leo katika nchi zetu iko mifuko ya hifadhi ya jamii, ambayo mwajiri hutoa sehemu yake na mfanyakazi yake. Halmashauri ya kanisa ikimwajiri mtu, haifai kuona haya kufanya hesabu hiyo tangu mwezi wa kwanza, badala ya kungoja mwaka wa mwisho kupitisha kikapu. Na kama ataondoka kwa sababu kazi imegeuka, kwamba sasa yataka kusoma au yataka kompyuta, basi kwanza afundishwe, tena na mtu mwenye subira.

Hukumu yetu juu ya hadithi hii ni kwamba isomwe, tena isomwe shuleni, maana sentensi zake ni safi na mtu wake ni hai. Lakini mwalimu asiwaache wanafunzi katika kicheko cha mwisho. Na awarudishe kwenye kabati lile la majoho, awaulize wenyewe: Mtu aliyeyahifadhi haya miaka 16, angalipewa nini na kanisa lake ili aondoke kwa heshima, hata kama hakupata duka wala pauni moja? Darasa likilijibu swali hilo kwa uangalifu, litakuwa limeisoma hadithi vizuri kuliko alivyoimaliza mwandishi wake.