Songea Atangulie, au Mbano?

Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, aliuachia mji wa Songea jina lake. Anayetafuta habari zake katika kompyuta za maktaba hupata taabu kwa sababu hiyohiyo: akiandika Songea tu, analetewa mji na wilaya kabla ya nduna mwenyewe. Lazima aombe maneno Songea na Mbano yaliyokaa jirani.

CQL, lugha ya kuulizia maktaba inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani, ina neno la kazi hiyo: prox. Masharti hupachikwa nyuma yake kwa mkwaju, moja baada ya jingine: prox/unit=word/distance<=1/ordered. Yaani pima kwa maneno, yawe yamefuatana, na nililolitaja kwanza litangulie. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa watunzi waliliacha liwe la hiari. Asipolitaja mtu, seva ipokee mpangilio wowote. Kwa katalogi, busara yake ni kubwa: kitabuni tunasoma Songea Mbano, lakini kwenye orodha ya majina ukoo hutangulia, ikawa Mbano, Songea. Seva inayojiongezea sharti la mpangilio bila kuombwa itamnyima msomaji nusu ya alichokitafuta, naye hatajua.

Uangalifu huohuo umo kwenye viunganishi. Ukiandika Songea or Mbano and Ngoni, lugha nyingi za programu zingeanza na and. Katika CQL viunganishi vyote vina uzito sawa, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na anayetaka vingine huweka mabano. Muulizaji anajua tangu mwanzo swali lake litasomwaje.

Kisha lipo sharti la stem, linaloagiza maneno ya mzizi mmoja. Kwetu hapo pana kazi nzito. Seva iliyozoea kukata miisho ya maneno haiwezi kuona kwamba Mngoni na Wangoni ni wamoja, maana tofauti iko mbele. Ikishindwa, kanuni imeiwekea jibu la heshima: ujumbe namba 20, kwamba sharti hilo haiwezi kulitimiza. Msomaji akiupata, ataandika mwenyewe Mngoni or Wangoni, na utafutaji utaendelea.