Ugavi wa Kijani na Data za Rejareja ya Mtandaoni: Uhakiki wa Vipimo kwa Kuzingatia Ifakara

Kipimo cha Zhu, Sarkis na Lai (2008) hurejelewa sana katika tafiti za mnyororo wa ugavi wa kijani. Kiliundwa kutokana na hojaji zilizojazwa na viwanda vya China, na hugawa utendaji katika nyanja tano, zikiwamo ununuzi wa kijani na ushirikiano na wateja. Kwa viwanda hivyo kipimo kinafaa. Tatizo huanza kinapohamishiwa kwenye rejareja ya mtandaoni pasipo kuuliza ni nani atakayekijibu.

Mnunuzi wa Ifakara huona picha ya bidhaa kwenye WhatsApp, hulipa kwa simu, na duka la Kariakoo hukabidhi furushi kwa basi. Furushi husafiri zaidi ya kilometa 400, kupitia Mikumi na Kidatu, ndani ya buti ya gari ambalo lingesafiri hata bila furushi hilo. Kisha bodaboda humalizia. Hapo hakuna sera ya mazingira iliyoandikwa wala meneja wa kujaza hojaji. Mtafiti atakayefuata kipimo neno kwa neno atahitimisha kwamba utendaji wa kijani haupo, ilhali kilichokosekana ni karatasi tu.

Watetezi wa uchanganuzi wa data hudai kwamba kumbukumbu za oda huondoa udhaifu wa hojaji. Dai hilo lina uzito, lakini halitoshi. Kumbukumbu za jukwaa huonyesha oda, bei na anwani. Hazionyeshi iwapo lori lililoleta bidhaa Ifakara lilirudi Dar es Salaam na mchele wa Kilombero au lilirudi tupu. Na hilo ndilo linaloamua kiasi cha dizeli kinachostahili kuhesabiwa kwa kila furushi. Isitoshe, majukwaa yenyewe hayadumu: Jumia ilifunga shughuli zake nchini Novemba 2019, na kielelezo kinachotegemea data za kampuni moja hakirudiwi kampuni ikiondoka.

Daftari la vifurushi la ofisi ya basi, japo huandikwa kwa mkono, lingemsaidia mtafiti zaidi, kwa kuwa linahusu safari yenyewe. Tahadhari ni moja: penye majina na namba za simu za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika, hivyo ridhaa na ufichaji wa utambulisho vipangwe kabla ya kunakili hata ukurasa mmoja.