Gurudumu Hunyooshwa kwa Mkono

Anayenunua baiskeli ya kaboni ya milimani, ile yenye shokapu mbele na isiyo na shokapu nyuma, huambiwa mapema aanze kwa kubadilisha gia au breki, au kwa kupunguza gramu kadhaa kwenye usukani. Nimeendesha ya kwangu kwenye barabara za Kasokola kiangazi na masika, na nimefikia uamuzi tofauti. Baiskeli huboreshwa kuanzia kwenye magurudumu, na gurudumu zuri halimalizikii dukani. Linamaliziwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda, mwenye spana ndogo ya spoki, sikio zuri na muda wa kutosha.

Kasokola yupo mtu wa namna hiyo, na haikutokea kwa bahati. Hii ni kata ya Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, na wakulima wake hutegemea baiskeli kwa kazi nzito. Pikipiki zimechukua abiria, lakini gunia la mahindi linalokwenda mashineni, kuni, mkaa na maji bado vinapanda juu ya keria. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20. Funga madumu matano, umefikisha kilo 100 kabla hujahesabu baiskeli yenyewe ya chuma wala anayeisukuma. Wasukuma waliohamia huku na mifugo yao walitoka kanda ya ziwa, ambako mbio za baiskeli hujaza watu pembezoni mwa barabara, nao walikuja wakijua baiskeli kama wanavyojua ng'ombe. Mahali penye matumizi kama hayo fundi mbovu hadumu. Wateja wake wanaishia njiani na mzigo, na habari zinafika kijijini kabla yao.

Fundi ninayemwendea ni mzee. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba macho yakiwa kwenye rimu. Anaigeuza baiskeli juu chini, ikasimama kwa siti na usukani, na tangu hapo fremu yenyewe ndiyo kipimo chake. Anabana kipande cha chaki kwa kidole gumba dhidi ya mguu wa uma, ncha ikiwa karibu kabisa na rimu, kisha anazungusha. Pale rimu inapotoka nje, chaki inaacha alama. Alama ikiwa kulia, anakaza spoki zinazovuta kushoto, robo mzunguko, na kulegeza kidogo zile zinazovuta kulia. Anafuta alama. Anazungusha tena. Alama inarudi, fupi zaidi, na wakati mwingine imehamia pengine. Anaifuata huko.

Ukimtazama kwa haraka utadhani anarudia jambo lilelile. Kumbe kila mzunguko anajibu maswali mawili kwa pamoja: je, gurudumu linayumba kulia na kushoto, na je, limekuwa duara kweli au limeinuka mahali? Kukaza spoki kwa ajili ya swali la kwanza kunaharibu jibu la pili. Asiye na subira hunyoosha upande mmoja, akafurahi, akampa mteja gurudumu lenye umbo la yai. Huyu mzee huacha mpindo mdogo wa pembeni usubiri hadi nundu ya juu iondoke, kisha huurudia. Sijamwona akikaza spoki moja zaidi ya nusu mzunguko kwa mara moja. Nati ikiwa imeshikwa na kutu, hailazimishi; anaitilia tone la mafuta ya taa na kuendelea na nyingine mpaka ilainike.

Sababu ya uangalifu wote huu iko katika jinsi gurudumu linavyofanya kazi, nayo ni ya kushangaza. Spoki ni waya mwembamba, ukiisukuma inapinda. Nguvu yake yote iko katika kuvutwa. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, alionyesha katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981 kwamba uzito ukiwekwa kwenye ekseli, zinazoguswa hasa ni spoki chache za chini, karibu na ardhi. Hizo hupungua mvutano kwa kitambo kidogo, na zilizobaki hukaa karibu vilevile. Gurudumu la inchi 29 huzunguka zaidi ya mara 400 katika kilomita moja, kwa hiyo kila spoki hulegea na kuvutwa tena zaidi ya mara 400 kwa kila kilomita. Kama ilikazwa vya kutosha, hupungua tu bila kufika kwenye ulegevu. Kama ilikuwa imelegea tangu mwanzo, hulala kabisa kisha hushtuliwa, kila mzunguko, mpaka chuma kinachoka na kukatika, mara nyingi kwenye kile kipindo kinachoingia katika habu. Wengi hudhani spoki hukatika kwa kukazwa mno. Mzee huyu, ambaye mzigo wa wateja wake ndio umemfundisha, anasema kinyume chake, na ndivyo hesabu za Brandt zinavyosema.

Mvutano anaupima kwa sauti. Anagonga spoki kwa ukucha moja baada ya nyingine, na anataka zilie sawa. Hapo ndipo baiskeli yangu ilipomjaribu. Gurudumu la nyuma lenye gia 12 halina ulinganifu: rundo la meno ya gia limeusukuma ukingo wa habu kuelekea katikati, hivyo spoki za kulia zimesimama wima zaidi na lazima zikazwe kuliko za kushoto ili rimu ibaki katikati. Katika baiskeli ya chuma yenye jino moja nyuma tofauti hiyo ni ndogo. Aligonga kulia, akasikia sauti ya juu. Akagonga kushoto, ikatoka ya chini. Akatulia, akatazama habu kwa upande, kisha akaanza kulinganisha kulia na kulia, kushoto na kushoto, bila kutaka pande mbili zifanane. Gurudumu la mbele likamgeuzia mambo, maana huko sahani ya breki iko kushoto na upande wa kushoto ndio unaolia juu. Hilo nalo alilisoma kwenye chuma. Niliona fahari kuwapo.

Kinachofuata baada ya kunyoosha ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu mafundi wengi hukiruka. Anazishika spoki mbili mbili zilizo sambamba, anazibana kwa viganja kwa nguvu zake zote, akizunguka gurudumu lote. Zinatoa milio midogo, ting, ting. Spoki iliyokazwa huwa imejisokota kidogo pamoja na nati yake, na kipindo chake hakijakaa vizuri kwenye tundu la habu. Kubanwa huko kunaifungua na kuikalisha. Halafu anazungusha tena, na gurudumu lililokuwa limenyooka limepinda tena kidogo. Anaanza upya bila kulalamika. Afadhali lipinde mikononi mwake kuliko njiani.

Ubunifu wa spoki zinazopishana ni wa James Starley wa Coventry, Uingereza, aliyeuwekea hataza mwaka 1874. Spoki zilizonyooka kutoka katikati kama miale haziwezi kupokea vizuri nguvu ya kuzungusha. Habu hujaribu kujisokota ndani yake. Zikitoka kwa mshazari, nusu huvuta mbele na nusu huvuta nyuma, na nguvu ya mnyororo hufika kwenye rimu. Kwa miaka mingi gurudumu la mbele halikuhitaji sana kupishana huko, maana halisukumwi na kitu. Breki za diski zimebadilisha hilo, kwa kuwa zinashika habu, si rimu, na kila unapofunga breki habu ya mbele hujaribu kujisokota. Kwa hiyo baiskeli mpya kabisa ya kaboni imerudi kwenye msuko ambao baiskeli ya chuma ya mkulima, Phoenix, haikuwahi kuuacha: spoki zinazopishana, mbele na nyuma.

Kuna jambo lingine la namna hiyo, na kila ninapolifikiria naona heshima yake. Baiskeli za milimani zilianza na gurudumu dogo la inchi 26, ambalo rimu yake ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokaa. Mwaka 1999 kampuni ya WTB ya California ilitoa tairi nene la kwanza la gurudumu la inchi 29, lenye rimu ya milimita 622, na baada ya ubishi wa miaka dunia ya mbio ikakubali kwamba gurudumu kubwa huvuka shimo na jiwe kwa urahisi zaidi, kwa sababu hukutana nalo kwa pembe ndogo. Baiskeli za mzigo za mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambazo India na China ziliendelea kuziunda, zina rimu ya milimita 635. Waingereza waliziwekea spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa uzito hukaa nyuma. Gurudumu kubwa lilikuwa likipita kwenye vumbi letu siku zote.

Kuboresha baiskeli, nako, hakukuja na kaboni. Tazama baiskeli ya mzigo baada ya kupita mikononi mwa mafundi wa huku. Uma umeongezewa vyuma viwili kutoka kwenye ekseli hadi karibu na usukani. Keria ya dukani imetupwa, na mahali pake imechomelewa ya nondo. Spoki za nyuma zimebadilishwa kwa nene zaidi. Mipira ya kufungia mizigo imekatwa kwenye tyubu zilizokwisha viraka. Kila nyongeza ina uzito, na kila moja imewekwa mahali palipowahi kuvunjika. Mimi natafuta kupunguza gramu. Wao wanatafuta kuongeza kilo za mzigo. Lakini wote tunaanza na swali moja: ni wapi inachoka kwanza?

Kaboni yenyewe ilihitaji ufundi uliokuwa mpya kwa mzee. Ni nyuzi zilizolazwa kwa tabaka ndani ya gundi ngumu, zenye nguvu kubwa upande ule zilikolazwa. Fremu ya kilo moja hivi hustahimili mashimo ya Katavi mwaka mzima, lakini nati ikikazwa kupita kiasi tabaka huachana, na hakuna kuchomelea. Ukigonga fremu taratibu kwa sarafu, pale palipo pazima hulia kwa ukali na pale tabaka zilipoachana hulia butu. Nilipomwonyesha hivyo, hakuhitaji maelezo ya pili. Alipita na sarafu yangu fremu nzima, polepole, kuanzia shingoni hadi kwenye mguu wa nyuma, akainamisha kichwa kila penye kiungo. Ilikuwa nzima. Tangu hapo anaipitia kila nikimletea.

Habu zangu ni za Shimano XT, ambazo bado zinatumia gololi zinazozunguka kati ya kikombe na koni, kama za Phoenix. Hapo alikuwa nyumbani. Alizifungua, akafuta grisi iliyogeuka uji wa vumbi, akazikagua gololi kwenye kiganja juani, akaweka grisi mpya na kuzirudisha. Kukaza koni ni kazi ya ncha za vidole: ikizidi gololi zinasaga, ikipungua gurudumu linacheza. Anakaza, anashika ekseli kwa vidole viwili, anaizungusha macho yakitazama pengine kabisa, analegeza kidogo sana, anazungusha tena. Nimewaona mafundi wa mjini wenye spana nzuri kuliko zake wakiimaliza kazi hii kwa dakika mbili. Yeye hamalizi kwa dakika mbili.

Matokeo yake unayajua barabarani. Kiangazi, Mei hadi Oktoba, barabara za Kasokola huwa na kichanga cha kumeza tairi na matuta madogo yanayofuatana bila kupumzika. Kwa kuwa nyuma hakuna shokapu, tairi ndilo linalobeba kazi hiyo. Natumia matairi yasiyo na tyubu, yenye maji mazito ndani yanayoziba matundu ya miiba ya migunga, nami napunguza upepo hadi tairi libonyee kidogo chini yangu. Upepo ukiwa mdogo rimu hugongwa zaidi, na spoki hupata kazi ngumu zaidi. Gurudumu lililokazwa ovyo hujionyesha hapo: mlio kwenye kona, mbele ikitangatanga kichangani. La mzee linakwenda pale unapolielekeza. Mvua zikianza Novemba kichanga huwa kigumu na kitamu kuendesha, ila udongo wa mfinyanzi hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu ligome, na kaboni husagwa usipoutoa mapema.

Si mzee peke yake anayeamini hivyo. Mwendesha baiskeli David Kinjah wa Kikuyu, Kenya, huwafundisha vijana wake wa Safari Simbaz kutengeneza baiskeli pamoja na kuiendesha. Kwake ndiko alikopita Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, kabla ya kushinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Nadhani Kinjah aliona mapema jambo ambalo maduka hayaliuzi. Mpandaji anayejua spoki yake inavyolia husikia tatizo likiwa bado dogo.

Sasa natengenezewa magurudumu mapya. Sikuagiza rimu za kaboni, ingawa ni nyepesi na gramu za kwenye rimu huhesabika karibu mara mbili unapoanza kuondoka, kwa sababu rimu ya namna hiyo ikipasuka huku hakuna wa kuitengeneza. Nimechagua alumini, matundu 32 mbele na nyuma, kila spoki ikipishana na nyingine tatu. Mzee alipima habu na rimu mwenyewe kwa rula ya chuma kabla sijaagiza spoki, maana milimita mbili za kosa zinatosha kuifanya nati isishike vizuri. Ametaka spoki za ziada zitoke kwenye boksi lilelile, mbili kwa kila urefu, na zifungwe kwa utepe wa gundi ndani ya mkoba wangu wa zana. Habu atazifungua na kuzipaka grisi kwanza, hata kama zimetoka kiwandani zikiwa mpya.