Kambale si jina la ukoo

Wandugu, Johnson wa Uingereza anabeba jina la babu: mwana wa John. Kwetu Wanande, Butembo na Beni, Kambale inasema tu mtoto mwanaume wa pili. Paluku ni wa kwanza, Kasereka wa tatu. Lakini fishi za ofisi zinaliweka penye jina la ukoo! Matokeo: Paluku na Kambale wa tumbo moja wanaonekana si ndugu, na Kambale kumi wasiojuana wanakuwa familia moja.

Si mchezo. Tangu Oktoba 2014 Beni inazika watu waliouawa. Orodha yenye "Kambale" peke yake inamlilia nani? Tuandike majina yote ya mtu, hata nafasi ikiwa ndogo.