The Call: Kabla ya satelaiti, kuna swali

Wenzangu, jumamosi iliyopita tuliangalia The Call, filamu ya Marekani ya 2013 ya Brad Anderson. Tulikuwa watu saba mbele ya kompyuta moja, umeme umekatika, betri iko karibu kuisha. Rafiki mmoja akasema: « Bazungu bana bahati. Unaita tu, banakuona. » Nadhani hakuangalia vizuri. Filamu yenyewe, angalau nusu yake ya kwanza, inasema kinyume.

Halle Berry anacheza Jordan, mpokeaji wa simu za 911 mjini Los Angeles. Binti mmoja, Casey, ametekwa na kufungiwa nyuma ya gari, ndani ya kofre. Simu aliyo nayo ni ya bei ndogo, haina GPS. Kituo kinabaki na antena tu. Na antena haisemi mengi: inajua simu iko upande wake gani, na kwa kupima muda wa mawimbi inakadiria umbali. Mjini hiyo inaweza kuwa mamia ya mita, kijijini kilomita nyingi. Tena gari iko inatembea.

Basi Jordan anauliza. Unasikia nini? Kuna nini karibu na wewe? Anamwambia Casey avunje taa ya nyuma kwa teke, atoe mkono, amwage rangi barabarani. Dereva mwingine anaona ule mkono, naye anaita 911. Kwangu hapo ndipo filamu inafika juu kabisa: mtu anapatikana kwa sababu kuna mwenye kuuliza vizuri, na wapita njia wanaojua namba ya kuita.

Nilikumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka. Mimi nilikuwa Himbi, mdogo wangu upande wa Majengo. Niliita mara nyingi, rezo haipiti. Ilipopita:

« Uko wapi? »

« Yaya, niko natembea tu na batu. »

« Wapi? »

« Kwa barabara! »

Barabara zote zilikuwa zimejaa watu. Nilipoteza dakika na kredi kwa swali baya. Mwishoni nikauliza: « Unaona nini mbele yako? » Akasema: « Naona ile sanamu ya tshukudu. » Nikamwambia abaki hapo hapo. Nilimkuta, kiatu kimoja mguuni.

Kwa hiyo mwisho wa filamu uliniudhi. Jordan anaacha kiti chake na kwenda peke yake, usiku, kumtafuta mtekaji. Ni kweli, anafika kwa sababu ya sikio: ndani ya simu iliyorekodiwa amesikia sauti ya kitu kinachogonga mlingoti wa bendera. Lakini kisha kazi ya kituo inasahauliwa, tunabaki na shujaa na kisasi. Kile kiti kilichotufunza yote kinageuka kama kazi ndogo, ya watu wasio na uhodari. Huo ni uongo, na kwa sisi wa Goma ni uongo wa hatari, maana mashujaa tunao tayari. Nyumba ya mbao ikiwaka, avenue nzima inakuja na ndoo. Tunachokosa ni mtu aliyekaa, anayepokea, anayeuliza.

Mtu atasema teknolojia imeendelea tangu 2013. Kweli. Tangu 2016 simu za Android, na tangu 2018 iPhone, zinaweza kutuma zenyewe mahali ulipo unapoita namba ya dharura. Lakini lazima kituo kiwe tayari kupokea. Na sisi tuna tatizo ambalo Hollywood haikuliwaza: karibu na mpaka, simu zetu hushika antena za Gisenyi. Namba 112 ni ya polisi ya Rwanda pia. Ukiiita kutoka kando ya Petite Barrière, unaweza kujibiwa na nchi nyingine, na « niko Birere » haitamsaidia anayekusikiliza.

Kiti kama hicho si ndoto ya Marekani tu. Tanzania, mpango wa m-mama unapokea simu kwa namba 115, na wapokeaji wanatafuta ambulansi au dereva wa karibu kwa ajili ya mama mjamzito au mtoto mchanga. Sisi tuna motari kila kona, wanaojua quartier kuliko ramani yoyote.

Niliuliza wale sita: nani amewahi kuita namba ya dharura hapa? Hakuna. Nani anaijua? Kimya. Kompyuta ikazima.

Iangalieni hii filamu, mpaka pale Jordan anapoinuka kitini. Kisha mwambie mtu wa nyumbani, kwa maneno kumi, namna ya kufika mlangoni kwako usiku. Mimi nilijaribu, nikashindwa mara mbili.