Kitabu cha Kilwa na Merikebu za Wareno

Mara nyingi tumeandika ubaoni kwamba mwaka 1498 Vasco da Gama aligundua njia ya kwenda Bara Hindi, na watoto wakanakili. Siku moja tuliwapeleka kuitazama Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, ambayo Waarabu wa Omani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Mtoto mmoja akatuuliza, "Mwalimu, na watu wa pwani waliandika nini juu ya merikebu zile?" Tulimjibu kwamba hawakuandika neno. Jibu lile halikuwa kweli, nasi twaandika leo ili kulisahihisha.

Kitabu kipo. Kwa Kiarabu chaitwa Kitab al-Sulwa, nacho chasimulia habari za Kilwa na masultani wake. Jina la mwandishi halikubaki, lakini mwenyewe asema alizaliwa mwaka 904 wa Hijra, yaani 1499, mwaka mmoja tu baada ya Wareno kupita, hata aliweza kuzisikia habari kwa wazee waliokuwa hai siku zile. Nakala yake ilifanywa hapa hapa Unguja mwaka 1877, na kwa mkono wa Sultani Barghash ikamfikia Sir John Kirk, balozi wa Waingereza. Sasa imo katika maktaba kuu ya London.

Mwandishi huyu aeleza kwamba habari ilitoka Msumbiji ya merikebu tatu za Wafaranji. Zikapita Kilwa zisitie nanga, zikaenda Mafia, na mkuu wa mahali pale akafurahi akidhani wageni ni watu wema. Lakini wenye kujua wakasema kwamba hawa wamekuja kuipeleleza nchi wapate kuitwaa. Wakafanya shauri la kuzikata nanga zao ili merikebu zitupwe pwani. Wareno wakalitambua shauri, wakaenda zao Malindi.

Basi, tazameni. Mmoja wa wale waliosafiri na Vasco da Gama aliandika habari za safari siku kwa siku, naye pia asema kwamba watu walikuja usiku wakiogelea kuzikata kamba za nanga. Ila yeye aweka jambo hilo Mombasa, wala si Mafia. Twaona kwamba yeye ndiye wa kusadikiwa kwa jina la mahali, maana alikuwapo. Huenda jina liliharibika katika kunakiliwa. Lakini kwa jambo lenyewe mashahidi wawili, maadui, wapatana. Ni nadra kupata ushahidi wa namna hiyo.

Kuhusu Malindi hawapatani. Mreno asema mfalme wa Malindi aliwapokea kwa furaha. Mtu wa Kilwa asema watu wa Malindi walijawa na hofu, ndiyo maana wakawapa chakula, maji, kuni na rubani. Tukubali lipi? Malindi na Mombasa walikuwa na uhasama wa zamani, kwa hiyo furaha yaweza kuwa ya kweli. Tena tukumbuke kwamba mwandishi wetu aliandika baada ya Kilwa kutekwa na Francisco de Almeida mwaka 1505. Aliyeona nyumba imeteketea hudai kwamba alinusa moshi tangu asubuhi. Hapo twamwonea shaka, wala hatuoni haya kusema hivyo. Na anapoilaani nchi ya Wareno, sisi Wakristo tusikifunge kitabu kwa hasira; merikebu zile zilikuwa na msalaba juu ya matanga na mizinga chini yake.

Tulipopenda zaidi ni habari ya mwaka 1500, Wareno walipofika Kilwa wakiomba maji. Maji yakachotwa, wachukuzi wakayafikisha pwani. Ndipo mtumwa mmoja mkubwa wa amiri, aitwaye Haji Kiteta, akaamuru yarudishwe yote. Wageni waliposhuka hawakukuta hata tone, wakaondoka kwa ghadhabu. Mwandishi, aliye mtu wa kusifu ukoo wa masultani, hapa amelihifadhi jina la mtumwa. Wachukuzi hawakutajwa jina, wala katika kitabu chake wala katika vya Wareno.

Christopher Columbus alipofika visiwa vya Marekani mwaka 1492, watu wa huko, Wataino, hawakuwa na maandishi ya namna hii. Maneno yao twayapata kwa kalamu ya Wahispania tu. Sisi wa pwani hii tulikuwa na wino wetu, na bado tukamwambia mtoto kwamba hatukuwa nao. Na hiyo "njia iliyogunduliwa", rubani wa Malindi aliwavusha Wareno mpaka Bara Hindi kwa muda usiotimia siku 30, kwa sababu aliijua.

Kisiwa chetu hakikuachwa. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco aliteka vyombo katika maji ya Unguja, akapiga mizinga, na mfalme akakubali kulipa mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Habari hiyo twaipata kwa João de Barros, Mreno. Upande wa Unguja hatuna wa kumwuliza. Hata yule wa Kilwa aliahidi sura kumi katika dibaji yake, na nakala iliyonakiliwa hapa ina saba tu.