Tunapenda bon ya labo kuliko maswali ya munganga

Wapendwa wa asosiasyo, wiki iliyopita mmoja wetu aliandika hapa sifa za kituo kimoja cha afya: "Kule bandugu, wanapima kila kitu!" Watu wakajaza vidole gumba. Mimi sikuweka. Siyo wivu, na siyo kwamba ninachukia labo. Mtu wa agronomi amekaa na mirija ya labo miaka yote ya masomo. Lakini ile sentensi, "wanapima kila kitu", nyumbani kwetu ilikula miaka miwili na feza nyingi. Ndiyo sababu ninataka kuikosoa polepole, mbele ya watu wa medsine walio humu ndani. Wanisahihishe nikikosea.

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa na miaka 14. Mara nyingi asubuhi, wakati wa kuamka. Mkono wa kuume unatetemeka kwanza, kisha macho yanapinduka, kisha mwili wote. Anajikojolea. Akirudi hajui kilichopita, anataka kulala tu. Kila mara tulimkimbiza hopitali, leo hii, kesho ile, na sitaji jina la yoyote, kwa sababu hadisi ilikuwa ileile kila pahali. Bon inatoka kabla mama hajaketi vizuri: GE, Widal, choo, mkojo. Na kila mara kitu kilipatikana! Malaria misalaba miwili. Widal chanya. Minyoo. Basi serumu ya kinini, antibiotiki, dawa ya minyoo, tunalipa, tunarudi Mangobo. Baada ya wiki tatu anaanguka tena.

Katika ile miaka miwili hakuna mtu aliyetuuliza: anaanguka namna gani? Nani alimuona? Mkono gani unaanza? Hakuna aliyemwambia avue viatu atembee kidogo mbele yake.

Siku moja tukapata munganga kijana, tena kwa bahati, tulikuwa tumekwenda kwa ajili ya tumbo la mama. Alimuona mtoto, akauliza swali moja, akaendelea, ikawa karibu dakika arobaini. Alimuuliza mtoto, alimuuliza mama, alinipigia mimi simu kwa sababu mimi ndiye niliona anguko la mwisho. Akagonga magoti na kinyundo. Akaangalia macho. Mama alitoka amekasirika: "Huyu munganga haapime kitu, iko anauliza-uliza tu sawa polisi." Hiyo sentensi ya mama na ile sentensi ya mwenzetu ni kitu kimoja, na ndiyo ninayokosoa.

Kwa maana kifafa (wengine hapa wanasema ugonjwa wa ndeke) hakionekani katika damu. Hakuna tone la damu duniani litakaloandika "kifafa". Waganga wanakitambua kwa hadisi: mtu akianguka mara mbili au zaidi, kwa kupishana zaidi ya saa 24, bila sababu ya wakati ule kama homa kali au sukari kushuka, hapo wanaanza kusema kifafa. Iko mashine inayoandika umeme wa ubongo, elektroensefalogramu. Mjerumani Hans Berger aliandika ule wa mwanadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akautangaza 1929. Inasaidia. Lakini mtu mwenye kifafa anaweza kuwekewa zile waya zote na karatasi ikatoka nzuri kabisa, kwa sababu saa ile ubongo wake umetulia. Shahidi aliyeona anguko ana bei kuliko mashine. Leo shahidi huyo ana simu mfukoni: dakika moja ya video ingetuokolea miaka miwili. Hakuna aliyetuomba, na sisi hatukujua kuitoa.

Sasa Widal. Jina hili tunalitaja Kisangani kama jina la jirani, lakini ni jina la mtu: Fernand Widal, mganga wa Paris, aliyeonyesha kipimo chake mwaka 1896. Kipimo hakitafuti kidudu cha tifoidi chenyewe. Kinatafuta askari ambao mwili ulitengeneza kukipiga. Katika mji ambao watu wengi wamekutana na kile kidudu au ndugu zake kwa maji ya kunywa, askari wa zamani bado wako ndani ya damu, na hata malaria inaweza kuvuruga majibu. Widal moja chanya, peke yake, inasema kidogo sana. GE nayo inaona kweli vidudu vya malaria, lakini hapa kwetu mtu mzima anaweza kuvibeba bila kuwa mgonjwa. Kwa hiyo ukipima kila mtu anayepita soko kuu asubuhi, utapata wagonjwa wengi sana wanaouza samaki bila shida yoyote.

Na tazama: mwaka huohuo 1896, katika mji huohuo wa Paris, mganga mwingine, Joseph Babinski, alionyesha kitu kidogo. Unamlaza mgonjwa, unakwangua chini ya mguu kwa kitu kigumu kidogo, kutoka kisigino kwenda mbele. Kwa mtu mzima, vidole vikikunjama chini, vizuri. Kidole kikubwa kikipanda juu, njia ya mishipa kutoka ubongo kwenda miguuni imeharibika pahali. (Mtoto mchanga anafanya hivyo kila siku, siyo ugonjwa.) Ufunguo wa nyumba unatosha. Hauhitaji friji, hauhitaji kurani ya SNEL. Hivyo viwili vilizaliwa mwaka mmoja. Kimoja kinaomba dawa ya labo na kinatudanganya mara nyingi, kingine kinaomba ufunguo. Sisi tulichukua nini? Kila mama wa Kabondo anajua Widal. Babinski, nimeuliza wenzangu wa promosyo, hakuna hata mmoja aliyemjua.

Wana agronomi, ninyi mtanielewa haraka. Mkulima wa njia ya Yangambi anakuja: majani ya mihogo yamekuwa manjano na yamekunjamana. Ukichukua udongo moja kwa moja kwenda labo, utapata asidi. Hakika utapata! Udongo wetu mwekundu uliooshwa na mvua miaka elfu na elfu una asidi karibu kila pahali. Utamwambia anunue chokaa, atanunua, na majani yatabaki manjano, kwa sababu ilikuwa mozaiki, virusi vinavyobebwa na inzi weupe na na vijiti alivyopewa na shemeji yake. Ungetembea shamba kwanza, ungeuliza vijiti vimetoka wapi, ungejua kabla ya kufungua mfuko. Asidi ilikuwa kweli. Haikuwa sababu. Profesa angetupa sifuri kwa kosa hili, lakini juu ya mwili wa mtoto tunalipa ili lifanyike.

Tena iko ugonjwa mmoja wa mishipa ambao ni wetu kabisa, wa muhogo: konzo. Mganga Giovanni Trolli aliandika juu yake mwaka 1938, kule Kwango, na jina ni la Wayaka, linasema juu ya miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekauka kama miti, haponi tena. Unatoka katika muhogo mchungu ambao haukuloweshwa siku za kutosha, pamoja na chakula kisicho na nyama, samaki wala maharagi. Sumu yake ni sayanidi. OMS iliandika alama za kuutambua: kutembea kulikokauka kunakoonekana kwa macho, kulikoanza kwa ghafula katika mtu aliyekuwa mzima na kukamilika ndani ya wiki moja, refleksi za magoti au visigino zilizozidi pande zote mbili, bila alama za ugonjwa wa uti wa mgongo. Ni yote. Jicho, nyundo na hadisi. Mtu huyo ukimfanyia GE na Widal utapata malaria na tifoidi, na dada yake ataendelea kula muhogo uleule.

Sasa niwe wa haki, maana najua munganga mmoja anaandika jibu tayari. Iko magonjwa ya ubongo ambayo bila labo unapotea. Malale, ugonjwa wa usingizi, ndiyo mfano mkubwa. Kwa miaka mingi kila mgonjwa alichomwa sindano ya mgongo ili wajue kama vidudu vimefika kwenye ubongo, juu dawa za hatua mbili zilikuwa tofauti, na ile ya zamani, melarsoprol, ilikuwa na arseniki na iliua wagonjwa wengine. Halafu ikaja feksinidazoli, vidonge vya siku kumi, vinavyomezwa na chakula. Ilijaribiwa zaidi hapa Kongo, na hopitali ya Isangi, chini kidogo ya mto kutoka kwetu, ilikuwa moja ya zile zilizofanya kazi hiyo. Wakala wa dawa wa Ulaya ulitoa neno zuri juu yake mwaka 2018. Sasa wagonjwa wengi wanaweza kuepuka ile sindano, kama munganga akimchunguza vizuri na asione alama kwamba ubongo umeshikwa sana. Kwa hiyo hata pale sayansi imeenda mbele kweli, macho na maswali ya munganga yamepewa kazi zaidi.

Na mtoto anayeanguka apimwe sukari saa ileile, ni tone moja tu. Akiwa na homa, GE ni lazima, malaria ya ubongo haingoji hadisi ndefu. Mdogo wangu, kwa sababu anguko lake linaanza upande mmoja, yule munganga alisema picha ya ubongo ingefaa, siku tutakapopata feza ya safari. Sikatai hata kimoja. Ninakataa bon inayoandikwa kabla ya swali la kwanza.

Kwa nini inaandikwa? Hapa nitasema wazi: labo inaingiza, dakika arobaini haziingizi. Hopitali nyingi zetu zinaishi kwa kile mgonjwa analipa, na muuguzi ana watoto pia. Yule kijana aliyetuuliza alipokea bei ya konsultasyo moja, wakati nyuma ya mlango watu walikuwa wanapiga makelele. Na sisi wagonjwa ndio tunamlipisha faini: akituacha bila karatasi tunasema hajui kazi, tunavuka barabara kwenda kwa mwingine. Mimi nimesoma mpaka lisansi, na nilimuunga mama mkono siku ile.

Alimpa fenobarbitali, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, kila jioni, na akatukataza kuikata kwa ghafula hata akiwa mzima. Mdogo wangu alikaa miezi mitano bila kuanguka. Alianguka mara moja mwezi wa sita, dawa ilipokosekana farmasi mbili na mimi nilikuwa shambani. Sasa ninaweka akiba ya mwezi mzima ndani ya sanduku la mbegu.

Kwa hiyo swali langu kwa ninyi wa medsine, mnijibu hapa chini: konsultasyo ya dakika arobaini ingekuwa bei gani kama ingeandikwa kwenye bon kama kipimo, na mgonjwa wa Lubunga angekubali kulipa? Ninauliza kwa kweli. Jumatatu iliyopita mtoto alipata homa, mama akampeleka peke yake, akarudi na karatasi mkononi, ameridhika: GE, Widal, choo. Juu ya kifafa hakuulizwa, naye hakusema.